Jumamosi ya maktaba: namna ya kwenda na watoto wadogo na kurudi nyumbani mkiwa bado mnapendana

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu maktaba tulikaa dakika ishirini na kitu tu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimefungasha daftari la mkubwa, penseli mbili, kifutio na azimio la mzazi aliyesoma kwa shida: leo watasoma. Mkubwa, aliyekuwa na miaka sita, nikamketisha mezani amalizie hesabu za shule. Mdogo, miaka mitatu, nikampakata na kumfungulia kitabu ambacho hakukichagua yeye. Robo saa haijaisha mdogo yuko chini ya meza, mkubwa anauliza kama kuna mapumziko. Tukiwa kwenye basi la kurudi akaniuliza, "Baba, hii shule ya Jumamosi tutakuja tena?"

Hakuwa anatania. Alikuta kiti, daftari, na mtu mzima anayemwambia anyamaze. Hapo kama si shule ni nini? Nilikuwa nimempeleka tuisheni na kuiita maktaba.

Tumerudi mara nyingi tangu siku ile, na haya ninayoandika yametokana na kukosea na kujirekebisha. Nimeandika nikiwa na Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam kichwani, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa kuwa ndiyo tunayokwenda. Aliye Mwanza, Tanga, Arusha au Mbeya anayo maktaba ya mkoa chini ya Bodi ileile ya Huduma za Maktaba, na aliye Unguja anayo Maktaba Kuu pale Maisara. Mambo mengi yanafanana.

Hatua ya 1: Nenda peke yako kwanza

Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayookoa Jumamosi nzima. Siku yoyote ukiwa mjini kwa shughuli zako, pita. Ingia mpaka sehemu ya watoto, simama, tazama. Vitabu vya wadogo viko rafu ya chini wanayoifikia au vimepangwa juu kana kwamba wanaokuja kusoma ni twiga? Kuna zulia au mkeka, au ni viti tu? Choo kiko wapi, na kinafunguliwa na nani? Swali la choo usilionee aibu. Mtoto wa miaka mitatu hatoi taarifa ya nusu saa kabla.

Kisha muulize mkutubi: sehemu ya watoto inafunguliwa Jumamosi, na inafungwa saa ngapi? Uliza hivyo hivyo, "sehemu ya watoto", usiulize "maktaba". Niliwahi kuwasafirisha watoto zaidi ya saa mbili kwenda maktaba moja ya mkoa, nisiyoitaja, nikakuta milango wazi, taa zinawaka, vijana wa kidato cha nne wamejaa na madaftari yao, ila chumba cha watoto kimefungwa kwa kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa harusini. Tukala mihogo ya kukaanga barabarani tukageuza.

Hao vijana wa madaftari utawakuta kila maktaba, hasa mitihani ikikaribia, na wamewafanya wazazi wengi waamini kwamba maktaba ni mahali pa watu wenye mitihani. Ukichungulia ukumbi mkubwa na kimya chake utaona kweli mtoto wako hapafai. Usiishie hapo. Ukumbi huo ni wao, na wenu uko mlango mwingine.

Hatua ya 2: Shughulikia kadi mapema, bila watoto

Kusoma palepale ni jambo moja, kuazima na kwenda na kitabu nyumbani ni jambo jingine, na hilo la pili linahitaji uanachama. Chukua fomu siku hiyohiyo uliyokwenda peke yako, uisome vizuri nyumbani. Jiandae kwa yale ya kawaida ya fomu zetu: picha za pasipoti, kitambulisho, mdhamini au barua ya utambulisho kutoka shuleni au serikali ya mtaa, na ada. Ada na masharti hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichokuambia jirani aliyejiunga zamani. Na kabla hujaondoka uliza mambo matatu: mtoto anaazima vitabu vingapi kwa mara moja, anakaa navyo siku ngapi, na mkichelewesha au mkiharibu mnalipa nini.

Kama maktaba inaruhusu kadi ya mtoto kwa jina lake, ifuate hiyo hata kama yako ingetosha. Wangu aliandika jina lake kwenye fomu kwa herufi kubwa zilizopanda mlima kuelekea kulia, mbili za mwisho zikatoka nje ya mstari. Kwa wiki nzima kila mgeni aliyeingia kwetu aliambiwa kwamba yeye ana kadi na mdogo wake hana.

Hatua ya 3: Asubuhi yenyewe

Washibishe. Sisemi kitafunwa cha kudanganyia njaa, nasema chai ya maana au uji mzito na kitu cha kutafuna, kwa sababu ndani hakuliwi na wala hupaswi kujaribu kuwaficha karanga mfukoni. Wanyweshe maji nyumbani, wapeleke choo nyumbani, na mkifika wapeleke tena kabla ya kufungua kitabu cha kwanza.

Mzigo uwe mdogo. Maktaba nyingi zitakutaka uache begi mlangoni, kwa hiyo kilicho muhimu, yaani simu, pesa, kadi na kitambaa cha kufutia pua, kiwe kwenye kipochi cha kuning'iniza. Kwenye begi la kuachwa weka nguo moja ya kubadilisha ya mdogo, chupa ya maji na vitafunwa vya baadaye. Mfuko wa kitambaa wa kubebea vitabu uwe mtupu mnapokwenda. Daftari la shule libaki nyumbani. Nimeshaeleza kwa nini.

Wote muoge na mnawe mikono, lakini msivae za kanisani. Mtatambaa.

Kama unao zaidi ya wawili, tafuta mtu mzima wa pili: shangazi, dada wa kazi, binamu aliye likizo. Mtu mmoja mwenye watoto watatu chini ya miaka saba atakuwa anahesabu vichwa tu, hatasoma hata ukurasa.

Hatua ya 4: Njiani

Sisi hupanda mwendokasi kutoka Kimara, saa mbili na nusu za asubuhi Jumamosi, wakati mabasi yamepumua kidogo. Tunashuka kituo cha DIT, halafu tunaifuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed kwa miguu kuelekea upande wa Upanga. Ukijikuta unaelekea Mnazi Mmoja, umepotea. Ni mwendo wa dakika chache kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu kuna kila jiwe la kuokota na kila paka wa kusalimia, kwa hiyo usipange kufika kwa dakika. Kipindi cha masika angalia hali ya hewa kabla ya kutoka. Bonde la Jangwani likijaa maji mabasi husimamishwa, na kukwama Magomeni na watoto wawili wenye hamu ya kufika mahali si jambo la kutaka liwapate.

Njia ndefu ina faida yake ukiitumia kusimulia. Jina la barabara lenyewe ni hadithi. Mkubwa aliuliza Bibi Titi ni bibi wa nani, nikamweleza kuwa alizaliwa 1926 hapahapa Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, na miaka ya hamsini ndiye aliyewaita wanawake kwa maelfu kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru. "Aliwaita kwa simu?" Hapana, alikuwa anakwenda mwenyewe, mtaa kwa mtaa. Nikamwambia pia kwamba jengo tunalokwenda lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru kutimiza miaka sita. Akanitazama. "Nchi ilikuwa sawa na mimi?" Ndiyo, nchi ilikuwa na umri wako, na ilikuwa imeshajijengea maktaba. Hilo amelisimulia kwa watu wengi kuliko nilivyolisimulia mimi.

Siku nyingine wakichoka huwaambia habari za ngamia wa Garissa, kule kaskazini mashariki mwa Kenya, ambao tangu 1996 wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu kuwapelekea watu wa nyikani wanaohamahama na mifugo. Mdogo aliuliza kama ngamia anaruhusiwa kusoma. Nikasema anaruhusiwa ila hawezi kufunua kurasa. Akaitazama mikono yake, akaridhika.

Hatua ya 5: Mlangoni

Kabla ya kuingia simama pembeni, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, uwape kanuni. Zisizidi tatu, maana ya nne itafuta ya kwanza. Zetu ni hizi: tunatembea, hatukimbii; sauti ya ndani, si ya uwanjani; kitabu tunakishika kwa mikono miwili. Sema mnachofanya zaidi ya msichofanya. Ukimwambia mtoto wa miaka mitatu "usichane", umempa wazo ambalo hakuwa nalo.

Halafu wasalimie. Sisemi hili kwa ajili ya adabu peke yake. Mtoto aliyeingia na kusema "Shikamoo mama" kwa mkutubi, akaitikiwa "Marahaba mwanangu, hujambo?", tayari ana mwenyeji. Ndiye atakayemfuata siku nyingine kuuliza kitabu cha mamba kiko wapi, bila kukupitia wewe. Mwambie mkutubi umri wao na wanachopenda. Anaijua rafu kuliko wewe, na mara nyingi anacho kitabu alichokiweka kando kwa mtoto atakayeuliza.

Akina baba wenzangu, mtaulizwa: "Mama yao yuko wapi?" Jibu kwa upole na uendelee na safari. Mimi husema yuko nyumbani amelala, jambo ambalo Jumamosi nyingi ni kweli, na ni sehemu ya sababu ya safari yenyewe.

Hatua ya 6: Dakika kumi za kwanza usifanye kitu

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Waache wazunguke. Mkubwa atatoa kitabu, atatazama picha mbili, atakirudisha, atachukua kingine. Mdogo atavipanga vitabu chini kama matofali. Ulimi utakuwasha useme "chagueni kimoja tukae tusome". Nyamaza. Mtu mzima akiingia duka la vitenge hufunua vitenge ishirini kabla ya kununua viwili, na hakuna anayemwambia akae chini.

Kazi yako katika dakika hizo ni moja: kuona mkono umerudi mara mbili kwenye kitabu gani. Hicho ndicho cha kuanzia.

Jambo dogo la adabu ambalo wazazi hatulijui: msirudishe vitabu rafuni kwa kubahatisha. Viacheni mezani au mahali mkutubi alipoonyesha. Kitabu kilichorudishwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea, kipo na hakuna atakayekiona mpaka siku ya kuhesabu.

Kwa mtoto anayejua namba, mgongo wa kitabu ni mchezo mtupu. Maktaba nyingi hupanga vitabu vya maarifa kwa mfumo wa Dewey, ambamo kila somo lina namba yake kama nyumba. Hadithi za jadi ziko 398.2. Wanyama wanaonyonyesha wako 599. Michezo, pamoja na mpira, 796. Fasihi ya Kiswahili ina anwani ndefu, 896.392. Mwandikie mkubwa namba moja kwenye kipande cha karatasi umwambie akatafute nyumba hiyo. Wangu alirudi na kitabu cha popo, anahema, anasema kwamba popo anakaa mtaa mmoja na tembo. Nikadhani amekosea, kumbe ni kweli: popo naye ananyonyesha.

Hatua ya 7: Kusoma nao

Kaeni chini kama panaruhusiwa, mgongo wako ukutani, mdogo katikati ya miguu, mkubwa pembeni upande ambao si wa kufunulia kurasa. Nafasi hiyo inaondoa nusu ya ugomvi.

Usianze na maneno. Anza na jalada. "Huyu nani? Anakwenda wapi? Mbona amebeba kikapu?" Mtoto akishabuni hadithi yake kutokana na jalada, atasikiliza ya mwandishi ili aone kama mwandishi naye amepatia. Kisha fungua kwa mlango wa kwetu, kwa sauti ya chini: "Paukwa!" Nao: "Pakawa!" Mkubwa wangu sasa ndiye anayepaukwa, mimi naitikia, na siku moja mtoto mwingine aliyekuwa meza ya jirani akaitikia nasi, akasogea, hadithi ikawa ya watu wanne. Mama yake alitaka kumvuta. Tukamwambia amwache.

Soma polepole kuliko unavyodhani inatosha. Fisi apewe sauti yake na sungura yake, hata kama unaona aibu. Kabla ya kufunua ukurasa wenye mambo, simama, uwatazame, uwaulize, "Sasa?" Basi. Usiwaulize maswali ya mtihani. "Hadithi hii inatufundisha nini?" ni swali la darasani, lifukuze. Mtoto akitaka kurudia ukurasa mmoja mara nne, rudieni. Akitaka kuruka mpaka mwisho kuona kama sungura amepona, ruka naye, halafu mrudi mwone amepona vipi.

Vitabu vya Kiingereza vitakuwepo vingi, kwa kuwa maktaba zetu hupokea sana misaada ya vitabu kutoka nje. Usivikimbie, na usiwasomee maneno wasiyoyaelewa ili waonekane wanajifunza lugha. Tazameni picha, hadithi uitunge kwa Kiswahili. Tulipata kimoja cha mtoto anayecheza kwenye theluji. Nikamwambia mdogo ni barafu laini inayoanguka kutoka juu kama unga. Akalitazama lile anga jeupe kwa muda mrefu, akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa, pasipo na kitu. "Nani anamwaga?" Tukakaa hapo dakika nzima tukimtafuta anayemwaga. Kitabu hakikuisha siku hiyo.

Vya Kiswahili navyo vipo, uliza tu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 umechangia vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto nchini, na vingi kati yake ni vyembamba, vya picha, vya mambo wanayoyajua: kisima, mbuzi, bibi, soko. Mtoto akiona kwenye karatasi ungo unaofanana na wa bibi yake, anashtuka kidogo. Mtazame usoni wakati huo.

Umri una mambo yake. Wa chini ya miaka miwili hasomewi hadithi, anaonyeshwa vitu na kutajiwa majina, na kitabu kigumu kisichochanika ndicho chake. Wa miaka mitatu hadi mitano anataka hadithi ileile kila siku. Anayeanza kusoma mwenyewe msaidie kupima kitabu kwa vidole: afungue ukurasa wowote, asome, na kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, hicho ni cha kusomewa na baba, si cha kusoma peke yake. Kidole kimoja au viwili, kinamfaa.

Mdogo akilia, toka naye. Usimbembeleze palepale kwa "shsh" zinazosikika kuliko kilio chenyewe. Mkabidhi mkubwa kwa macho ya mtu mzima mwenzako, au nendeni wote nje mkapunge upepo, mrudi. Ikishindikana, safari imeisha. Si aibu, wakutubi wa watoto wameona zaidi ya hayo.

Hatua ya 8: Kuchagua vya kwenda navyo

Kama mnaruhusiwa vitabu vitatu: mkubwa achague kimoja bila kupingwa, mdogo kimoja bila kupingwa, cha tatu uchague wewe. Bila kupingwa maana yake hata kikiwa cha matrekta kwa mara ya tano. Hata kikiwa kidogo kwa umri wake. Mzazi anaona kimerahisishwa mno. Mtoto anaona amekutana na kitabu anachokiweza.

Hiki cha tatu ndicho chako cha kupenyeza jambo jipya. Usikitangaze. Nyumbani kiache kwenye kiti.

Kabla ya kufika kaunta vipekue haraka ukurasa kwa ukurasa. Mkiona ukurasa uliochanika au uliochorwa na kalamu, mwonyesheni mkutubi hapohapo, msije kudaiwa uharibifu wa mtu mwingine. Mtoto ndiye atoe kadi na vitabu. Kama kuna mhuri wa tarehe, omba asogee auone ukigongwa. Wangu husubiri mlio huo kuliko hadithi.

Hatua ya 9: Ondokeni kabla hawajachoka

Saa moja inatosha. Kwa safari mbili tatu za mwanzo, dakika arobaini. Ukiona bado wana hamu, huo ndio wakati wa kuaga. Najua inauma, umetoka Kimara, umelipa nauli, na kuna kivuli na utulivu. Lakini mtoto hukumbuka mahali kwa dakika zake za mwisho, na kama dakika hizo ni za kuvutwa mkono analia kwa njaa, ndicho atakachokumbuka Jumamosi ijayo ukisema "twende".

Toa onyo mapema: "Bado vitabu viwili, halafu tunaaga." Si "bado dakika tano", dakika hawazijui. Wakaage kwa mkutubi. Nje, kitu kidogo cha kula: muwa, ndizi, maji ya dafu kama muuzaji yupo. Kwetu safari haijaisha mpaka mtu ale, na mimi sioni ubaya. Ila mikono ifutwe kabla ya kugusa ule mfuko.

Hatua ya 10: Nyumbani

Vitabu vya maktaba viwe na mahali pamoja tu. Sisi ni ule mfuko, umening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, juu ya mkono wa mdogo lakini si juu ya mkono wa mkubwa. Kitabu kinatoka, kinasomwa, kinarudi mfukoni. Tangu tuanze msumari hatujapoteza hata kimoja. Kabla yake tulikipata kimoja ndani ya ndoo ya nguo chafu.

Ajali zitatokea. Kwetu ulikuwa uji, ukurasa wa saba. Yakitokea ya namna hiyo, futa kwa kitambaa kikavu kwa kugandamiza, usisugue, weka karatasi safi kati ya kurasa zilizolowa, kisha kiache wazi kivulini penye upepo. Jua linakunja karatasi. Na ukurasa ukichanika usibandike selotepu ya dukani, kwa kuwa gundi yake hugeuka manjano baadaye na kuzidisha uharibifu. Kipeleke kama kilivyo, useme. Mwambie mtoto mapema kwamba mtakwenda kusema, ili asije akakificha uvunguni kwa hofu. Mkubwa ndiye aliyesema siku ile, "Shikamoo mama, uji ulimwagika." Tulilipa kidogo, akaazima kingine.

Siku ya kurudisha iandikwe mahali wanapopaona, kwenye kalenda ya ukutani, kwa alama waliyoichora wenyewe. Jioni ya kuamkia, mwageni mfuko kitandani mhesabu. Wiki iliyopita tulikuwa tumeazima vitatu, nikahesabu vinne. Cha nne kilikuwa kitabu chetu wenyewe cha jogoo, kisicho na jalada, kimetafunwa pembe moja.

"Hiki cha kwetu," mkubwa akasema, akakitoa.

Mdogo akakirudisha mfukoni. "Na wao waazime."

Nikakiacha humo hadi kaunta.